Tableti Haimjibu Mteja

Vijana wenzetu wa Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke, na nyinyi mnaolala watu wanne chumba kimoja hapa Kigali, na nyinyi pia kaka na dada wa mashirika ambao tunajua mnatusomaga hata kama hamweki laiki: leo tunaongea juu ya Kiingereza cha biashara na hizi mashine mnazotuletea ili zitufundishe.

Hatutazunguka. Tunasema pesa inaenda pasipofaa. Inanunua tableti na leseni za programu, halafu mwalimu, yule anayejua tumetoka wapi na tunataka kusema nini, anabaki "volontia" wa kupewa soda na cheti. Kabla mtu hajakimbilia kusema tunachukia teknolojia, ajue maneno haya yameandikwa kwa simu, simu yenye kioo kilichopasuka, tukipokezana kwenye grupu. Simu tunaipenda. Hatupendi vile inavyotumika kutunyima mtu.

Tuelewane kwanza kwa nini Kiingereza kwetu si mapambo. Wengi wetu tulianza shule kwa Kifaransa, Congo au Burundi. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kwamba shule zake zitafundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka uliofuata ikaingia Jumuiya ya Madola. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, tukafurahi sana, ila hatujaona bado tangazo la kazi pale Kimihurura lililoandikwa kwa Kiswahili. Na ni Kimihurura tunakokutana kila Jumamosi, wale tunaojitolea kambini tukiwa tumepata ruhusa na nauli, na wale wanaoishi mjini. Anayeijua Kigali anajua. Bunge liko huko, lile kuba la Convention Centre linalowaka rangi usiku liko huko, ofisi za mashirika zenye maua ukutani, mikahawa ambayo bei ya kahawa moja tunaipikia chakula cha watu watatu. Huko Kiingereza kinalipwa. Mtu anaagiza sare za wafanyakazi, anaagiza sambusa za mkutano, anatafuta wa kutengeneza nembo, na yote hayo yanapita kwa ujumbe wa Kiingereza.

Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufungua biashara. Hiyo tunaishukuru, tunajua ndugu zetu wa nchi nyingine hawana. Tena tangu mwaka 2021 msaada wa chakula kambini unatolewa kwa makundi: wenye hali mbaya zaidi wanapata zaidi, wengine nusu, wengine hawapati kabisa. Tunaambiwa tujitegemee. Sawa. Lango liko wazi, ila bawabu anaongea Kiingereza, na sisi tumepewa tableti.

Sasa tuangalie ndani ya hiyo tableti kuna nini.

Kuna somo la kuweka miadi na timu ya masoko. Kuna somo la kubadilisha tiketi ya ndege kwa sababu mkutano wa Chicago umesogezwa. Kuna bwana anaitwa Mr. Thompson ambaye hajaridhika na ripoti ya robo mwaka. Unagusa jibu sahihi kati ya manne, kengele inalia, unapewa nyota. Hakuna hata somo moja linalokuuliza kama unatoa risiti ya EBM. Na nyote mnaofanya kazi Kigali mnajua kwamba ofisi haikulipi bila EBM. Hicho ndicho Kiingereza cha biashara cha mji huu: TIN, EBM, malipo ya awali, siku ya kuleta mzigo, namba ya MoMo ya kupokelea pesa. Mr. Thompson hatujawahi kumwona.

Dada mmoja wa kundi letu ni mshonaji. Alipata ujumbe kutoka kwa mteja mpya, ofisi, wanataka mifuko ya kitenge kwa ajili ya semina, atume "quotation" kabla ya Alhamisi. Akatafuta neno kwenye simu, akapewa "nukuu". Nukuu ya nini? Ya Biblia? Akadhani wanataka maneno ya kuandika juu ya mifuko. Sisi tuliosoma Congo tunasema "proforma", na angeambiwa "proforma" angeituma usiku uleule, maana bei anazijua kichwani mpaka ya uzi. Siku mbili zikapita akiuliza watu, na mteja akaenda kwingine. Kwenye ile programu dada huyu alikuwa amemaliza ngazi mbili nzima. Ana nyota kama mbingu ya Kirehe usiku.

Hilo neno moja mwalimu wa kutoka Bukavu angelifundisha kwa dakika moja, kwa sababu yeye mwenyewe alipita hapo. Na si hilo tu. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa anaandika "I demand you to pay", kwa sababu "demander" ni kuomba tu, kumbe kwa Kiingereza amepiga meza. Anaandika kwenye barua ya kazi kwamba alifanya "formation" na "stage", yaani mafunzo na kazi ya majaribio, na msomaji wa Kiingereza anawaza mpira na ukumbi wa muziki. Anaandika "actually I am tailor", akitaka kusema kwamba kwa sasa ni fundi nguo, na inasomeka kama anambishia mtu. Sisi wa Kiswahili tuko na yetu pia. "Naomba" yetu ni ya heshima tu, ukiitafsiri "I beg" umekuwa ombaomba mbele ya mteja wako. Na saa! Mteja anasema "at eight", kijana anasikia nane, anafika na sambusa saa nane mchana, na mkutano ulikuwa saa mbili asubuhi. Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili vyote vinahesabu saa namna moja, kwa hiyo kosa hili litarudi kila mwaka kwa kila kundi jipya. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya dunia nzima haijui kwamba lipo. Ikiona umechagua 8:00 inalia kengele na kukupa nyota.

Mwalimu anayejua lugha zetu anajua tutaangukia wapi kabla hatujaanguka. Na huyo mnaye. Yuko Mahama, yuko Nyabiheke, yuko hapa Kigali anafundisha watoto wa jirani kwa elfu mbili tatu. Mnamwita mwezeshaji, mnampa fulana.

Msidhani tunatoa haya mambo hewani. Nchi hii ina kumbukumbu yake. Tangu mwaka 2008 Rwanda iliagiza zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, na mwisho wake zilipita 200,000 katika shule za msingi. Wengine wetu tulizishika. Peru nayo ilizinunua kwa wingi kuliko karibu nchi yoyote, na mwaka 2012 ukatoka utafiti wa shule 319 za vijijini: watoto walijua kutumia kompyuta zaidi, lakini kwenye hesabu na kwenye lugha hawakuonekana kuwapita wenzao wasiopewa. Kompyuta zilifika, ila namna ya kufundisha haikubadilika. Hizo habari ziko wazi zaidi ya miaka kumi sasa, na bado tunaletewa sanduku lilelile, rangi tu ndiyo mpya.

Upande wa pili tuutaje pia, kwa sababu tunataka kusema kweli yote. Katikati ya mwaka 2024, mjini Benin City, jimbo la Edo huko Nigeria, Benki ya Dunia ilijaribu programu ya akili mnemba kuwafundisha Kiingereza wanafunzi wa sekondari baada ya masomo. Wiki sita. Mwisho wake walioshiriki waliwapita wasioshiriki, tena kwa tofauti kubwa. Watu wa mashirika wanapenda kutaja habari hiyo. Lakini soma vizuri ilivyofanyika: wanafunzi walikaa wawiliwawili kwenye kompyuta moja, na mwalimu alikuwa mle chumbani akiwaongoza, akianza somo, akiwauliza wamepata nini. Mwalimu alikuwepo! Ninyi mnachukua nusu ya jaribio, ile nusu inayouzwa, mnaacha nusu inayolipwa mshahara.

Kwa nini inakuwa hivyo? Tumekaa kwenye mikutano ya kutosha ya miradi kujua. Programu inahesabika. Asubuhi unafungua kompyuta, inakuambia wangapi wamejisajili, wangapi wamemaliza ngazi ya kwanza, wanawake ni asilimia ngapi. Unaiweka kwenye ripoti na picha ya msichana anayetabasamu na tableti. Mwalimu hahesabiki namna hiyo. Ukimuuliza mafanikio yake atakuambia fulani juzi alipiga simu kwa mteja bila kutetemeka. Hiyo utaiweka kwenye kisanduku gani?

Tunajua pia mnavyojibu, tushasikia mara nyingi. Kwamba mwalimu mmoja anafikia watu ishirini na programu inafikia maelfu. Inawafikia kufanya nini? Kufunguliwa akaunti si kufundishwa. Kwamba walimu wakimbizi hawana vyeti. Wengine wanavyo, viko Uvira au Bujumbura, na wasio navyo mnawaamini vya kutosha kuwaachia funguo za chumba chenye tableti zote. Kwamba bajeti hairuhusu mshahara, inaruhusu posho tu. Lakini bajeti hiyohiyo iliruhusu leseni ya mwaka kwa dola. Sheria ya nchi haikatazi kumlipa. Ni fomu zenu, na fomu ziliandikwa na watu, watu wanaweza kuziandika upya.

Halafu leseni yenyewe ina tabia moja: inakwisha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ikafungwa. Mwezi Machi karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika waliwekwa likizo ya lazima, na wakubwa wetu kambini wanakumbuka kile Kiingereza chake cha polepole, kilichoanza mwaka 1959, ambacho wengi walijifunzia redioni bila kulipa chochote. Tunataja haya kwa sababu kila kitu kinachoendeshwa kutoka mbali kinaweza kuzimwa kutoka mbali. Programu ikifungwa unaingiza nywila yako na unaambiwa huna ruhusa. Mwalimu ambaye mradi wake umekwisha bado anaishi mtaa wa pili. Utamkuta bombani, utamuuliza neno, atakujibu.

Na sisi tunafanyaje? Maana kulaumu bila kushika kazi ni rahisi.

Tuko na grupu ya WhatsApp. Hapo hakuna Mr. Thompson. Kila wiki mmoja wetu anakuwa mteja na haambii wengine ni siku gani. Jumanne saa tano, ukiwa kazini, unapokea ujumbe: anataka keki za watu thelathini, anauliza bei, anauliza kama mnapeleka mpaka ofisini, anauliza risiti. Una nusu saa ya kujibu kwa Kiingereza, kama maisha yanavyodai. Halafu anakusumbua, anaomba upunguze, anabadilisha siku, anachelewesha malipo, na wewe lazima umkumbushe bila kumkosea adabu na bila kujikunja. Jioni mwalimu wetu anatuma sauti, kwa Kiswahili, anaeleza sentensi ipi ilikuwa kali, ipi ilikuwa ya kuomba huruma, ipi haikueleweka kabisa. Sauti ya dakika mbili inakula mega kidogo kuliko video moja ya somo, na unaisikiliza tena kesho ukifua nguo. Tunazihifadhi. Sasa tuko na hazina ya makosa yetu wenyewe iliyopangwa vizuri, na aliyejiunga jana anaanzia hapo.

Simu ya sauti ndiyo ngumu kuliko yote. Kuandika unaweza kupumua, kufuta, kuanza upya. Kwenye simu huoni uso, mtandao unakatika, mteja anaongea haraka na kwa lafudhi ya kwao. Kwa hiyo Jumamosi pale Kimihurura tunagawanyika, mmoja anakaa chumbani, mwingine anaenda nje barabarani kwenye kelele za moto, wanapigiana. Tunarekodi. Mtu anajisikia akisema "yes, yes, yes" kwa jambo ambalo hakulielewa, na hapo ndipo anajifunza ile sentensi yenye thamani kuliko zote katika biashara: kumwomba mtu arudie. Hakuna programu iliyowahi kutukatikia mtandao kwa makusudi ili tujifunze.

Na ChatGPT? Tunaitumia, nani haitumii. Tangu ilipotoka mwisho wa 2022 barua za kazi za vijana wa kambi zimekuwa nzuri kushinda za mabosi wao. Hapo pana shida. Barua inafika imevaa suti, mwenyewe anaitwa kwenye intavyu, anaulizwa swali moja tu kuhusu alichoandika, kimya. Mwajiri anaona amedanganywa, na anayefuata kutoka kambini anatazamwa kwa jicho hilohilo. Kanuni tuliyoiweka ni hii: andika mwenyewe kwanza, vibaya vyovyote, halafu uiulize mashine imebadilisha nini na kwa nini, halafu ueleze kwenye grupu kwa Kiswahili. Usipoweza kueleza, hiyo sentensi si yako, itoe. Ila kanuni hiyo inataka mtu wa kuisimamia, na tumerudi palepale kwa mwalimu.

Kitu kingine ambacho watu wa mashirika hawakipendi: tunafundishana Kiingereza kwa Kiswahili. Kuna mafunzo tuliyoenda ambapo ukitamka neno la Kiswahili unatozwa faini, kama shule za zamani. Eti mtazoea. Bei, faida, hasara, mkopo, amana, tunavielewa vizuri kwa lugha zetu kwa sababu tunaviishi. Mtu anayejua kujadili bei ya gunia sokoni kwa Kiswahili hana cha kufundishwa kuhusu majadiliano, anahitaji maneno tu. Mkimnyamazisha kwa lugha anayoijua, mnamfanya mtoto mbele ya kazi ambayo ameifanya tangu ana miaka kumi na mbili.

Kwa hiyo tunadai, na hapa tunatumia neno hilo kwa maana yake ya Kiingereza, mezani kabisa. Mradi wowote wa Kiingereza cha biashara utakaoletwa kwetu uweke mshahara wa walimu kwanza kwenye bajeti, walimu wakimbizi na Wanyarwanda pamoja, kabla ya kununua kifaa hata kimoja. Pesa ya leseni igeuzwe kuwa mega, maana simu tayari tunazo na kinachotukwamisha ni kumaliza mega Jumanne. Masomo yaandikwe kutoka kwa biashara zetu. Njooni na daftari, kaeni na mshonaji siku mbili, msome ujumbe anaoupokea kweli, mtapata kitabu kizima. Na yale masanduku ya kuhifadhi masomo bila intaneti, kama Kolibri, yaleteni, hayo hatuyapingi, yanabaki hata mtandao ukiondoka. Lakini yawekwe chini ya mwalimu, na yeye aseme yanafunguliwa lini.

Na kuna jambo ambalo halihitaji bajeti wala mkutano na mfadhili. Nyinyi wa ofisi za Kimihurura mnanunua vitu kila wiki: fulana za kampeni, mabango, chai ya semina, mifuko ile ya kitenge ambayo kila mgeni anaondoka nayo. Tuandikieni. Kwa Kiingereza, kile chenu cha kila siku, chenye haraka na vifupisho, msitupunguzie. Semeni mnataka nini, lini, risiti ya namna gani. Kama bei yetu si nzuri katalieni, ila mtuambie kwa nini, kwa maandishi. Ujumbe wa namba ya kundi uko juu ya ukurasa huu, na wiki hii anayejibu ni yule dada wa mifuko. Quotation anajua ni nini sasa. Atawatumia kabla ya Alhamisi.